Moscow Haisemi Uongo

Shemeji yangu Thani bin Marhoon ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba dunia hii ina wenyewe wawili, na kwamba yeye anawajua wote wawili. Alipokuwa akinambia hayo alikuwa amekaa katika nyumba ya watu, amevaa kofia aliyoshonewa na mkewe, anakunywa kahawa aliyochemshiwa na mkewe huyohuyo. Mke mwenyewe ni dada yangu, Mahbuba. Naeleza habari za Thani kwa sababu siku hizi wapo wanaomsifu, na mimi nimechoka kukaa kimya nikiwasikiliza.

Tulipokuwa Unguja, Thani alifanya kazi Tunguu, kwenye kituo walichokijenga Wamarekani cha kusikilizia vyombo vyao vikipita angani. Ukimsikiliza yeye utadhani vyombo hivyo alikuwa akivisukuma kwa mkono wake. Alikuwa karani wa stoo. Akihesabu makopo ya maharagwe na karatasi za chooni, na jioni akirudi nyumbani kwa basi la kazini. Lakini walimpa beji yenye picha yake, na beji ile ndiyo iliyomharibu. Aliivaa maulidini, aliivaa mazikoni, na Da Mahbuba alinambia kuna siku alilala nayo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Sleyum, mwenye duka la vitambaa Darajani. Sleyum siku zile akiandamana na wenzake kupinga kituo kilekile. Alikuwa ameshaamini kwamba Wamarekani wamefukia makombora chini ya mihogo ya Tunguu, na kwamba Warusi watakuja kutuunguza sote kwa ajili hiyo. Asubuhi atapiga kelele barabarani mpaka sauti imkauke, jioni atakuja kwa Thani kumnong'oneza amletee kopo la siagi ya Kimarekani. Thani alimletea. Urafiki wao ulikuwa wa namna hiyo tangu mwanzo.

Mapinduzi yalipokuja, mwaka sitini na nne, Wamarekani walipandishwa manowari yao wakaondoka. Thani alikwenda bandarini na beji kifuani, akiamini kwamba ataitwa jina lake. Hakuitwa. Alisimama pale mpaka meli ikawa haionekani, akarudi nyumbani na kinyongo ambacho hakijamtoka mpaka leo. Sleyum naye alinyang'anywa duka na makomredi waliokuwa wakitaja Moscow na Peking kila baada ya maneno mawili. Basi wakabadilishana. Aliyekula mshahara wa Wamarekani akawa Mrusi kwa kuwa Wamarekani walimsahau, na aliyeandamana kuwapinga Wamarekani akawa Mmarekani kwa kuwa alinyang'anywa duka. Wakiitaja itikadi yao huwa wanatia mkono kifuani. Mimi niliijua ilikozaliwa.

Watu wa Unguja waliopata ruhusa ya kuingia Maskati miaka ile walikuwa wachache. Sisi tuliingia kwa baraka za Khalati Masouda, dada wa mama yetu, mjane aliyekuwa na nyumba ndani ya ukuta wa mji. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki na kaka hatuna. Khalati alitupokea Da Mahbuba, mumewe na mimi, akatupa vyumba, na hakutukumbusha hata siku moja kwamba nyumba ni yake. Thani akapata kazi ya kuandika alama kwenye magunia katika ghala la tajiri mmoja, mji wa jirani wa Matrah. Da Mahbuba akakaa na Khalati kushona kofia za mkono, zile ambazo watu wa huku huziita kumma, na wanunuzi walizipenda kwa sababu vitobo vyake ni vidogo na vimelingana. Sindano ile ndiyo iliyotulisha.

Sleyum aliingia baadaye kupitia Dubai, akapanga chumba mtaa wa pili, na Thani akapata mtu wa kugombana naye. Kila siku baada ya alasiri watakaa kwenye baraza ya Khalati, redio katikati, na wazee wawili watatu wa Unguja ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Watafungulia London, watafungulia Kairo, watafungulia Moscow, zote kwa Kiswahili. Da Mahbuba atatoa dele la kahawa na sahani ya kashata kupitia upenyo wa pazia, ataunyoosha mkono tu, na mkono huo hakuna aliyeushukuru. Kisha ugomvi utaanza.

Na mji wenyewe ulikuwa mji gani? Jioni ikishapigwa ngoma, mlango wa ukuta hufungwa, na mtu anayetaka kutembea lazima ashike kandili mkononi, la sivyo analala korokoroni. Umeme hakuna majumbani. Hospitali unaitafuta kwa kusali. Wanaume hawa wasioruhusiwa kwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa tatu bila taa ya mafuta ndio waliokuwa wakigombania mwezi ni wa nani.

Wachina walipolipua bomu lao la kwanza, mwaka uleule tulioingia, baraza ililichangamkia kama harusi. Sleyum akasema Wamarekani wanayo ya kuiunguza dunia yote na kurudia. Thani akasema la Warusi ni kubwa zaidi, likilipuliwa huko kwao vioo vinavunjika nchi ya pili. Waligawana mabomu vile watu wanavyogawana nyama ya akika, huyu anataka paja, huyu anataka mbavu. Da Mahbuba akauliza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti yake ya upole, "Na likianguka huku kwetu baada ya ngoma, mlango umefungwa, sisi tutatokea wapi?"

Walicheka wote. Thani akasema, "Mwanamke na siasa wapi na wapi," na Sleyum akampigia makofi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana tangu watoke Unguja. Da Mahbuba hakuuliza tena jambo lolote la ulimwengu kwa miaka mitano.

Lakini alifundishwa. Usiku wakila, Thani atamsomesha. Moscow wamesema hivi, Moscow wamesema vile, na mwisho wa kila somo ataweka tonge chini na kuinua kidole: "Moscow haisemi uongo, Mahbuba. Shika hilo." Da Mahbuba ataitikia, "Nimeshika." Baadaye vita vya kusini, Dhofar, vilipochacha, na waliokuwa wakipigana na Sultani wakawa wanajiita wanamapinduzi, Moscow ikawa jina la kumpeleka mtu gerezani Jalali. Thani hakuacha. Alifunga dirisha, akapunguza redio, akawa Mrusi wa kunong'ona. Nilimdharau zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine yote, kwa sababu kama ni imani basi ilikuwa imani ya kufungia dirisha, na kama si imani basi alikuwa akituhatarisha sote kwa mchezo.

Twende kwenye ile Ijumaa ya Julai, mwaka sitini na tisa. Joto la Maskati mwezi wa Julai halina maelezo. Watu hulowanisha shuka ndipo walale. Wamarekani walikuwa wameshawarusha watu wao watatu na walikuwa njiani kuelekea mwezini. Warusi nao walikuwa wamerusha chombo chao kisicho na mtu. Baraza ilikuwa imejaa.

"Jumatatu Mmarekani anatia guu mwezini, yakhe," Sleyum alisema. "Tafuta pa kuuficha uso."

"Hatii," Thani akasema. "Lile bati la Warusi litachota udongo na kurudi kwao, huyo Mmarekani wako bado yuko njiani anakula maharagwe ya kopo. Mie nayajua maharagwe yale, nimeyahesabu kwa mkono wangu."

Sleyum akacheka polepole. Alikuwa na dharau ya mtu aliyejiwekea neno akiba kwa siku ya haja. "Umeyahesabu kweli, Thani. Na siku ya siku walichukua maharagwe, wakakuacha weye bandarini."

Wazee wale waliokuwa wakiitikia wakaacha kuitikia. Mimi nilikuwa ndani pamoja na Da Mahbuba, nyuma ya pazia, tumeshika yeye dele na mimi vikombe. Tulimsikia Thani akivuta pumzi, kisha akasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa ajili ya Moscow: "Wallahi, Mmarekani akitia guu mwezini, Mahbuba si mke wangu! Talaka tatu! Mmesikia nyote? Talaka tatu!"

Mtu aliyelelewa kwetu hahitaji kuelezwa. Kiapo cha namna ile kikishatoka hakirudi. Jambo likitokea, mke ameachika, na kwa tatu hakuna kurejeana. Ndoa ya dada yangu, aliyoivusha bahari, aliyoilisha kwa sindano, ilikuwa imewekwa juu ya buti la mtu asiyemjua, kwenye mwezi. Na haikuwekwa rehani na adui. Iliwekwa na mumewe, kwa sababu aliguswa kidonda mbele ya wanaume wanne.

Da Mahbuba aliliweka dele chini. Hatukutoa kahawa. Baada ya kitambo nilimsikia mzee mmoja pale nje akiuliza, "Kahawa leo vipi?"

"Jumatatu ni mtondo, siyo?" Da Mahbuba aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi bado siku zipo," akasema, akakaa juu ya mkeka.

Nataka ieleweke kwamba hakuwa akimchukia Thani. Nasema hivyo kwa hasira, lakini ndiyo kweli. Alimpenda tangu siku za beji, akimwona mtu mkubwa aliyepungukiwa na bahati. Jumamosi na Jumapili alimngoja aje amwambie neno. Thani hakuja na neno. Alikuja na redio. Alikaa nayo chumbani akiitegea sikio, na kila akimwona mkewe anapita anasema, "Usiwe na wasiwasi. Wakifika, Moscow watasema. Na hawatasema, kwa sababu hawafiki." Alikuwa anawaombea watu wale watatu wapotee huko angani. Hakuomba msamaha.

Jumatatu asubuhi London ikatangaza. Mmarekani ametia guu mwezini, na mwenzake akamfuata.

Kabla jua halijapanda, Sleyum alikuwa barabarani na sinia la haluwa anamgawia kila apitaye. Alikuwa amesahau. Mtu aliyekaa ubavuni kwa Thani wakati dada yangu anaapiwa, aliyekichokoza kiapo kwa ulimi wake, amesahau kabisa, anawawekea watu haluwa viganjani na kuwaambia leo ni siku ya heri. Hata Khalati Masouda aliletewa. Aliitazama, akaifunika na sahani, akasema, "Huyu ana kichwa au ana boga?"

Thani alibaki na tumaini moja. Jioni akafungulia Moscow. Safari hii hakuinamia redio peke yake. Da Mahbuba alikuja akasimama mlangoni, na mimi nyuma yake. Msomaji wa Moscow akasema, kwa Kiswahili safi kuliko cha Sleyum, kwamba Wamarekani wawili wametua mwezini, na kwamba Moscow inawapa hongera. Kisha akaendelea na habari za mavuno ya ngano.

Thani hakugeuka. Da Mahbuba alikunja godoro lake, akalipeleka chumbani kwa Khalati.

Kesho yake baraza ilikutana, na hapo ndipo nilipoona watu wazima wakivua nguo zao zote. Kilichowashughulisha hakikuwa Mahbuba. Walikuwa wamekaa wakatambua kwamba nyumba ni ya khalati yake, na kwamba mke akiachika mume anahama, na mume akihama hakuna baraza wala dele. Sleyum ndiye aliyeanza. Akasema, ukifikiri vizuri, nani kaona? Picha zinachorwa. Sauti zinatiwa. Huenda wamekaa jangwani kwao wakavaa manguo yale. Wazee wakaitikia. Thani naye akaanza kuchangamka. Hata adhuhuri haijafika, Mmarekani wa mji na Mrusi wa mji walikuwa bega kwa bega, wote wanaapa kwamba mwezi haujaguswa.

Kwa kadhi wa serikali hawakuthubutu kwenda. Kadhi angeuliza ugomvi ulikuwa wa nini, na wangelazimika kutaja Moscow. Wakakubaliana waende Bustan kwa Sheikh Ghanim, mzee aliyewahi kusomesha Pemba ujanani, mwenye elimu na mwenye kufunga mdomo. Thani alitaka waende wanaume tu. Khalati Masouda akatoka mpaka kwenye pazia, akasema, "Aliyeapiwa ni mwanangu. Hatoletewa hukumu yake na mdomo wa Sleyum." Njia ya gari ya kwenda Bustan haikuwepo, kwa hiyo tulikodi mashua mbili ndogo Jumatano asubuhi, wanawake moja na wanaume moja, tukafika jua halijakasirika.

Sheikh Ghanim aliwakalisha wanaume sebuleni, na sisi chumba cha ndani, pazia katikati. Akasikiliza yote bila kuwakatiza. Kisha akauliza, "Nani katika nyinyi kamwona mtu huyo juu ya mwezi?"

"Hakuna, sheikh," wakasema.

"Nani kamwona aliyemwona?"

"Hakuna."

"Haya. Ndoa ni jambo la yakini. Huo mwezi mnaonambia ni jambo la redio."

Nilimsikia Thani akitoa pumzi. Sleyum akadakia, "Ndivyo, sheikh! Mie mwenyewe sisadiki kabisa. Wamarekani ni watu wa uongo tangu zamani."

"Wewe ndiye Sleyum?"

"Ndiye mimi."

"Haluwa yako imefika mpaka huku. Kaileta mvuvi wetu, nami nimeila. Kanambia kuna mtu Maskati anafurahia kufika mwezini."

Sleyum alikohoa. "Ilikuwa ya kumrehemu baba, sheikh."

"Allah amrehemu. Kafariki lini?"

Baba yake Sleyum alikuwa hai Dubai, anauza viungo. Khalati Masouda alijifunika mdomo kwa kanga ili asisikike, na mimi nilitamani kucheka, lakini nilipomtazama Da Mahbuba hamu yote ikaniondoka.

"Limebaki moja," Sheikh Ghanim akasema. "Mwanamke akiwa na yakini moyoni mwake kwamba sharti limetimia, haimjuzii kukaa na mwanamume huyo, hata wanaume wa Maskati waape wote. Binti yangu, upo hapo? Nnakuuliza wewe. Wamefika au hawakufika?"

Miaka mitano ya mabomu na sayari, na hilo ndilo swali la kwanza dada yangu kuulizwa.

Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona amelielekeza sikio kwenye pazia. Alikuwa anamngoja Thani. Neno moja lingetosha. Angesema nimekosa, angesema Mahbuba nisamehe, angetaja jina lake tu kwa namna ya mtu anayeogopa kumpoteza, basi dada yangu angesema hajui, na tungerudi nyumbani kukaanga samaki. Nina hakika na hilo mpaka leo.

Thani akasema, "Mwambie sheikh hujui, Mahbuba. Sheikh, huyu mwanamke hana elimu ya mambo haya. Siasa haimo kwake kabisa."

Da Mahbuba akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa jibu la barua. Kisha akasema:

"Kweli, sheikh, mie sijasoma. Ninayoyajua ya ulimwengu kanisomesha mume wangu. Kanisomesha tangu tuingie nchi hii kwamba Moscow haisemi uongo, kanambia nishike, nikashika. Jumatatu nilisimama mlangoni nikaisikia Moscow kwa masikio yangu. Imesema wamefika, na hongera ikawapa. Nnasadiki."

Kule sebuleni kitu kilianguka, nadhani kikombe. "Moscow waongo!" Thani alipiga kelele, na dirisha la sheikh lilikuwa wazi. "Waongo wakubwa! Wamekuwa waongo siku zote, kila mtu anajua!"

"Ungalisema hivyo Ijumaa, bwana wangu," Da Mahbuba akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "leo tungalirudi nyumbani pamoja."

Sheikh Ghanim akasema, "Basi. Si mkeo."

Tulipanda mashua yetu kwanza. Thani alisimama ufukweni na wenzake. Alikuwa mtu baki kwake sasa, na ilimbidi ageuze uso wakati dada yangu anaingia mashuani. Upepo ulituletea sauti ya Sleyum akimuuliza mzee mmoja, sasa tutakaa wapi alasiri.

Walikwenda kukaa chumbani kwa Sleyum, Mrusi na Mmarekani kitanda kwa kitanda, wakigombania dirisha. Khalati aliikunja mikeka ya baraza akaiweka juu ya dari. Da Mahbuba alikaa eda yake akishona, na eda ilipokwisha aliendelea kushona. Hakumsema Thani vibaya. Hiyo kazi nilimsaidia mimi.

Mwaka ukageuka. Julai ya mwaka wa sabini tukapata Sultani mpya, na nchi ikafunguka. Mlango wa mji ukaacha kufungwa, makandili tukayatupa, na jamaa zetu waliokuwa wametawanyika wakaanza kuingia kwa makundi. Serikali ilikuwa inatafuta watu wanaojua Kiingereza na kupanga mafaili. Thani akaitoa beji ya Tunguu alikokuwa ameificha, akaifuta vumbi, akaenda nayo. Akapewa ofisi.

Nimeiona ofisi hiyo kwa macho yangu, nilipompeleka Khalati kufuatilia hati ya nyumba yake. Kuna meza, kuna feni, na ukutani ametundika picha aliyoikata kwenye gazeti la Kimarekani akaitia fremu: mtu amevaa nguo nyeupe nene, amesimama mwezini. Thani hakutuona tulipoingia. Alikuwa anawaeleza wageni wawili. "Kazi hii sisi tuliianzia Tunguu," alikuwa anasema, amenyoosha kidole kwenye picha. "Bila ya Tunguu hawa wasingefika popote." Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Khalati akanishika mkono tukatoka, akasema hati itangoja.

Haukupita muda mrefu, Sleyum akaja kubisha hodi. Thani alikuwa amemtuma. Alikaa ukumbini, pazia likiwa limeshushwa, akazunguka sana kabla ya kufika. Thani anakula mikahawani, tumbo limemharibika. Thani halali. Thani ana nyumba sasa, ya serikali, na haina mtu. Thani amefikiri, na yuko tayari kwenda tena kwa Sheikh Ghanim kuapa kwamba Wamarekani hawakufika, na kama Mahbuba naye atasema yakini yake imeingia shaka, huenda sheikh akatazama upya.

Nilifungua mdomo nimtukane. Da Mahbuba akanizuia kwa mkono.

"Yeye mwenyewe sasa anasemaje?" akauliza. "Wamefika au hawakufika?"

"Kwako weye, hawakufika," Sleyum akasema.

"Na ofisini?"

Sleyum akanyoosha ukingo wa kanzu yake.

"Mwambie hivi. Aiteremshe ile picha. Awaambie hao wakubwa zake, kwa kinywa chake, kwamba watu hawakufika mwezini na kwamba yeye Tunguu alikuwa anahesabu makopo. Akiweza kusema hivyo mahali panapomuuma, basi na mie ntaanza kutia shaka. Ijumaa nangoja jibu."

Hakuwa akifanya mzaha. Nilidhani ni mzaha, nikacheka, lakini usiku nilimkuta amekitoa kisanduku cha kofia za zamani na anaichagulia uzi kofia ya kipimo cha kichwa cha Thani. Siku zile nne alikuwa mwepesi wa kutembea. Alipaka hina kidogo, ncha za vidole tu, akasema ni kwa ajili ya joto. Nilimchukia Thani siku zile kuliko siku ya kiapo, kwa sababu nilijua.

Ijumaa baada ya alasiri Da Mahbuba alichemsha kahawa, dele zima, ya tangawizi na iliki. Akaiteremsha mikeka kutoka darini akaitandika barazani yeye mwenyewe. Tukamsikia mtu anakuja. Alikuwa Sleyum, peke yake.

"Anasema umpe muda," Sleyum akasema. "Kesho anapokea wageni kutoka nje, na ile picha wameizoea. Wanapiga picha mbele yake. Anasema weye ni mtu wa kufahamu." Akakaa juu ya mkeka na kunyoosha mkono kupokea kikombe.

Da Mahbuba alilichukua dele lote, akalimwaga uani hata tone halikubaki. Alirudi akakaa mahali pake, akaichukua ile kofia ya Thani iliyokuwa imebaki kushonwa duara la juu tu, akaanza kuufumua uzi wake kuanzia mwisho. Uzi ulikuwa mzuri, alisema, na kuna mteja Matrah anataka kofia kabla ya Idi.